Mjamzito haumwi popote, kumbe damu inaisha

Huku kwetu Tanga, ukienda vijijini Muheza, Pangani au Mkinga, wajawazito wengi wanaanza kliniki tumbo likishaonekana, miezi mitano sita hivi, na naelewa maana mimba changa kwa desturi haitangazwi hovyo, halafu mtu anakwambia mbona siumwi kitu, niende zahanati kufanya nini? Hapo ndo penye hatari. Malaria na safura, yaani ile minyoo inayonyonya damu, kwa mjamzito mara nyingi havitoi dalili yoyote, mama anaendelea na shamba lake kama kawaida huku damu inapungua.

Malaria kwanza. Mtu mzima aliyekulia huku mwili wake umeshaizoea, anaweza kuwa na vimelea na asisikie hata homa. Sasa akishika mimba anakuwa na kiungo ambacho hakuwa nacho, kondo la nyuma, na chembe za damu zenye vimelea zinaenda kunata humo, palepale mtoto anapopitishiwa chakula na hewa. Mimba ya kwanza ndo mbaya zaidi kwa sababu mwili haujawahi kukutana na vimelea vya namna hiyo, zinazofuata kinga inakuwa imejengeka kiasi. Ndo maana unaweza kutobolewa kidole kipimo kikasema huna malaria wakati kondo limejaa. Haya yamechunguzwa hapahapa Muheza, kwa kuliangalia kondo kwenye hadubini mama akishajifungua. Mtoto anazaliwa chini ya kilo 2.5, au kabla ya siku zake, au mimba inaharibika.

Safura yenyewe inaingilia miguuni. Mtu mwenye minyoo akijisaidia kichakani mayai yanaanguliwa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, chini ya mikorosho kwa mfano, baada ya wiki moja hivi viluwiluwi viko tayari, ukipita peku vinapenya ngozi, unajikuna katikati ya vidole basi unasahau. Vinapita kwenye mapafu, vinamezwa, vinakaa kwenye utumbo vinanyonya damu miaka. Kwa hiyo ndala shambani na choo nyumbani ni kinga nzuri. Na ule udongo wa kutafuna nao ndugu zangu tuuache, unaweza kuwa na mayai ya minyoo mingine na unazuia mwili kupata madini ya chuma.

Damu ya mjamzito ikipimwa wingi wake inatakiwa isipungue gramu 11 kwa desilita, ikishuka chini ya 7 huo ni upungufu mkubwa, na mama wa hivyo akivuja kidogo tu wakati wa kujifungua tunaweza kumpoteza. Inaniuma sana maana dawa zipo kliniki. SP, ile dawa ya kukinga malaria, unaanza wiki ya 13, vidonge vitatu kwa mkupuo mbele ya nesi, halafu kila mwezi mpaka kujifungua, angalau mara tatu. Wapo wanaovificha shavuni wakatema nje eti hawajala, jamani hata tumbo tupu unameza. Dawa ya minyoo unapewa miezi mitatu ya kwanza ikishapita. FEFO, vile vidonge vya kuongeza damu, ni kila siku, choo kikiwa cheusi usiogope ni ile chuma, ila usimezee chai maana chai inaizuia, mezea maji ule na chungwa, na machungwa Muheza yamejaa tele. Neti ulale humo kila siku, hata msimu ambao mbu ni wachache.

Lakini SP ni ya kukinga. Ukisikia homa, kichwa au baridi nenda ukapime siku hiyohiyo, usinunue SP dukani ukajitibu, malaria inatibiwa kwa dawa nyingine. Na wewe unayemeza Septrini kila siku kwa ajili ya VVU mwambie nesi kabla hajakupa SP, hizo mbili hazitumiki pamoja, na Septrini yako inakukinga na malaria pia.