Mkaa uliokolea nao unaua

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Februari 2021 umeme ulikatika Texas, na kwa mamilioni ya watu haukurudi kwa siku kadhaa. Kesho yake Dallas tuliamkia nyuzi 19 chini ya sifuri. Visima vya gesi viliganda, mitambo ya kufua umeme ikazimika, na kwa kuwa gridi ya Texas imejitenga na za majimbo mengine, umeme wa kuazima kwa majirani ulikuwa kidogo mno.

Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Nilijiandaa kupokea watu waliopigwa na baridi, na walikuja. Walionitia hofu zaidi ni waliokuja wakilalamika kichwa.

Mmoja alikuwa mama wa Kikongo, kaletwa na jirani pamoja na watoto wake. Aliponisikia naongea Kiswahili akanishika mkono. "Dada, kichwa inaniuma sana, na batoto banatapika." Nikamwuliza walikuwa wanaota moto wa nini. Akasema, akimaanisha mkaa, "Niliwasha makala kidogo tu. Haikuwa na moshi."

Hapo kwenye "haikuwa na moshi" ndipo wengi wetu tunaponaswa. Tumekuzwa tukijua kwamba jiko huwashwa nje, moshi ukiisha na mkaa ukikolea ndipo linaingizwa ndani. Lakini ule mkaa mwekundu, mtulivu, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha hata macho. Ikifika mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini huku haina nafasi ya kubeba oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Aliyelala huenda asizisikie dalili hizo kabisa. Mjamzito ana hatari zaidi, kwa sababu mtoto tumboni anaweza kuumia zaidi ya mama.

Hata kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kinadanganywa: kinaweza kusoma asilimia 98 wakati mgonjwa anazama, maana hakitofautishi damu yenye oksijeni na yenye gesi hiyo. Ndiyo maana tunapima damu yenyewe na kumvalisha mgonjwa barakoa ya oksijeni. Kwa hewa ya kawaida gesi hupungua nusu baada ya saa 4 au 5; kwa oksijeni safi, saa moja na ushee.

Kwenye nyanda za juu za Kenya na Tanzania jiko la chumbani linaua pia, na huko nyumba nyingi zina upenyo. Apatimenti za hapa zimezibwa kila kona ili joto lisitoke. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka kwenye nyumba. Gari lisiungurumishwe gerejini hata mlango ukiwa wazi. Oveni ya gesi isigeuzwe hita.

Yule mama aliniuliza, "Sasa batoto batalala na nini?" Ana haki ya kuuliza. Chagueni chumba kimoja kidogo, mlale wote humo. Blanketi dirishani, taulo chini ya mlango. Chini ya godoro tandikeni maboksi au mkeka, kwa sababu sakafu inanyonya joto kuliko watu wanavyodhani. Nguo nyepesi kadhaa zilizo kavu zinashinda koti moja zito. Soksi ikilowa, ivuliwe papo hapo. Kuleni kabla ya kulala. Pombe iacheni: ngozi inahisi joto huku mwili wa ndani unapoa. Mwangalieni mzee kwa karibu. Akiacha kutetemeka ilhali bado wa baridi, au maneno yake yakianza kuchanganyika, huyo ni wa hospitali.

Kabla baridi haijafika, nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi kinachotumia betri, na jazeni maji bafuni, maana mabomba hupasuka.

King'ora kikilia, au kichwa kikiwauma watu wawili nyumba moja kwa wakati mmoja, msianze kutafuta chanzo. Bebeni watoto, tokeni nje na baridi yake, ndipo mpige 911. Kiingereza kikikwama, semeni "Swahili"; vituo vingi vina mkalimani wa kwenye simu.