Ile ni mvua ya mawe. Theluji ilishuka usiku ule ule, na hamkuitazama

Jumanne jioni simu ililia mpaka nikaacha chakula. Ilikuwa picha moja iliyotumwa na watu tisa: shamba la viazi huko milima ya Kigezi limefunikwa weupe, mtoto amejaza viganja, na chini yake maandishi, "Theluji imefika Uganda. Itakuwa Kasese kabla ya wiki kwisha." Mama mmoja anayeuza samaki karibu na stendi alipiga kuuliza kama vifaranga wake watapona. Kijana wa boda akaandika, "Mzee, wewe ndiye mtu wa hali ya hewa, mbona hukutuambia?"

Swali hili nimelijibu sokoni, msikitini baada ya swala, na ndani ya teksi ya Fort Portal nikiwa nimebanwa katikati ya magunia. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeniletea picha nyingine ya shamba jeupe nitamrudishia ukurasa huu.

Ile ni mvua ya mawe. Jina lenyewe limeshamaliza kazi: ni mvua, na ina mawe. Theluji inazaliwa kwingine na inaanguka kwa mwendo mwingine, na Uganda tunayo. Iko Rwenzori, mlima ulio juu ya mji wetu wa Kasese. Wakonzo, wenyeji wa mlima huo, walikuwa na neno lake kabla mgeni yeyote hajaja kuupima mlima: nzururu ndiyo theluji, na Rwenzururu ni mahali pake. Watu wanaoishi chini ya mlima wenye jina hilo hawapaswi kutishwa na punje za barafu za shambani.

Mwenye shaka na akate jiwe moja. Mwaka mmoja mvua ya mawe ilitukuta kwenye kituo cha hali ya hewa saa kumi jioni, mabati yakapigwa hadi tukashindwa kusikizana. Ilipokatika nilitoka na sahani ya bati, nikachagua jiwe lenye ukubwa wa tunda la kahawa, nikaliweka juu ya kitambaa na kulikata kwa kisu cha jikoni. Katikati palikuwa na kiini cheupe kama maziwa, kikafuata kizingo kinachopitisha mwanga kama kioo, halafu kizingo kingine cheupe. Hiyo ndiyo hadithi ya maisha yake. Jiwe lilipopita penye maji mengi ya wingu, maji yalilivaa na kuganda polepole, hewa ikapata nafasi ya kutoka, ndiyo kile kioo. Lilipopita penye matone machache na baridi kali, kila tone liliganda pale pale na viputo vyake ndani, ndiyo ule weupe. Muda wote huo upepo wa kupanda ndani ya wingu ulilibeba, na lilipouzidi nguvu kwa uzito likaanguka.

Sasa theluji. Niliwahi kuipokea kwenye mkono wa koti jeusi, nje ya kibanda cha Elena wanakolala wapanda Rwenzori, mita 4,541 juu ya bahari. Chembe moja ilikaa juu ya uzi wa sufu kwa muda wa pumzi mbili. Ilikuwa na mikono sita, na kila mkono una vijiti vidogo pembeni kama jani la mkangaga. Chembe hiyo inakua kwa mvuke unaogeuka barafu moja kwa moja bila kupita kwenye maji kwanza, na pembe sita zinatokana na jinsi molekuli za maji zinavyojipanga zikiganda. Jiwe la mvua hutalipata na mikono sita hata ukitafuta hadi msimu ujao.

"Lakini mzee, kama mawe ya barafu yamefika chini, theluji itashindwaje?" Hili ndilo swali zuri, na jibu lake ni mwendo. Jiwe la sentimita 1 linaanguka takriban mita 10 kwa sekunde. Chembe ya theluji inaelea kwa mita 1 hivi kwa sekunde. Chukua mstari wa sifuri, yaani kimo ambacho juu yake maji huganda. Kwetu huku ikweta unazunguka kati ya mita 4,700 na 5,000. Kasese iko karibu mita 1,000. Jiwe linavuka zile mita 3,700 za hewa ya joto kwa dakika sita na kitu, likapungua njiani lakini likafika. Theluji inahitaji zaidi ya saa nzima ndani ya joto lile lile. Itakuwa imekuwa maji zamani. Sehemu kubwa ya mvua mnayojifunika mwavuli hapa mjini ilikuwa barafu au theluji huko juu, ikayeyuka njiani.

Linaloniudhi kuliko picha zenyewe ni imani kwamba theluji inaletwa na baridi. Kila Juni naambiwa, "Asubuhi hizi kuna baridi, theluji lazima inakuja." Kila Juni nasema hapana. Huku kwetu tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni kubwa kuliko tofauti kati ya mwezi na mwezi. Mstari wa sifuri haushuki Juni ukatukaribia kama unavyoshuka Ulaya wakati wa baridi yao. Unabaki huko huko juu. Piga hesabu mwenyewe: joto la wastani la Kasese ni nyuzi 24 hivi, na hewa inapoa karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kilele cha Margherita, kirefu kuliko vyote Rwenzori, kiko mita 5,109. Ukitoa, unakuta umefika kileleni ukiwa umeshuka chini ya sifuri kidogo tu, na hali ni hiyo mwaka mzima. Baridi ya kutosha theluji iko pale Januari, Juni na Oktoba. Kinachokuja na kuondoka ni unyevu. Ndiyo maana theluji ya Rwenzori inafuata misimu ya mvua, ule wa Machi hadi Mei na ule wa Septemba hadi Novemba. Hiyo Juni mnayoisubiri ni mwezi ambao waongoza wageni wanapenda kupanda kwa sababu kumekauka, na barafu ya kudumu inabaki uchi, imechafuka, inakula jua.

Na ile mvua ya mawe mnayoiita dalili ya baridi? Ni mtoto wa joto. Jua linachoma ardhi asubuhi, hewa inapanda kwa nguvu mchana, wingu linakua kama mnara, na alasiri mawe yanashuka na radi. Waulize wakulima wa chai wa Kericho, wanaolijua jambo hili kuliko mtu yeyote Afrika Mashariki. Kosa letu halikuanzia Kigezi pia. Septemba 2008 kijiji cha Busara karibu na Nyahururu, Kenya, kilifunikwa weupe kilima kizima, watu wakatoka kucheza na kuita theluji, na wataalamu wa hali ya hewa wakalazimika kueleza kwamba ni mvua ya mawe iliyolala na kushikana.

Simu nazo zinaongeza moto. Mtu anafungua programu ya hali ya hewa, anaandika jina la mlima, anaonyeshwa alama ya theluji au ya mvua, anaamini. Modeli ya Marekani, yaani hesabu za kompyuta za kutabiri hali ya hewa ambazo programu nyingi hutumia, hutoa utabiri wake kwa visanduku vya takriban kilomita 28. Rwenzori yote ina urefu wa kilomita 120 hivi na upana wa kama nusu ya hapo. Kwa hiyo mlima mzima, na mabonde yake na vilele vyake, unaingia kwenye visanduku vichache, na ndani ya kila kimoja vimo vyote vinasawazishwa. Ndani ya kompyuta Margherita haipo. Kuna kilima cha duara kilicho chini sana. Mimi naiangalia modeli kwa jambo moja tu: unyevu unatoka wapi na upepo unaupeleka wapi katika kimo cha mita 3,000 hadi 6,000. Hapo haikosei sana.

Basi nifuatavyo theluji inayokuja ni hivi. Kwanza natazama upepo wa magharibi. Unyevu wetu mzito unatoka bonde la Kongo, na upepo ukigeuka kutoka huko, mlima unakuwa ukuta. Wimbi la Madden na Julian, yaani kundi kubwa la mawingu ya mvua linalosafiri kuelekea mashariki kandokando ya ikweta, likiwa linapita Bahari ya Hindi, upepo wa magharibi unafunguka. Kimbunga kikizunguka karibu na Madagaska, nacho kinavuta hewa ya Kongo kuelekea kwetu. Machi 2018 mambo haya mawili yalikutana na Afrika Mashariki ikapata mvua ambayo wengi bado wanaikumbuka. Pili, natazama picha za setilaiti ya Meteosat alasiri, kuona mawingu yanaungana juu ya Ituri, huko Kongo magharibi ya mlima, au yanakufa moja moja. Tatu, namuuliza aliye mlimani.

Hapo kwenye kumuuliza ndipo penye ugumu ambao vitabu vinaupita haraka. Theluji haikatiki pale pale kwenye mstari wa sifuri. Inashuka chini yake mita 200, 300, wakati mwingine zaidi, kwa sababu inachukua muda kuyeyuka, na kwa sababu kuyeyuka kunanyonya joto la hewa. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inakula joto ambalo lingepasha gramu moja ya maji kwa nyuzi 80. Theluji ikianguka nyingi na upepo ukiwa umetulia, inapoza hewa iliyo chini yake na kujifungulia njia ya kushuka zaidi. Ikianguka chache, haifiki. Kibanda cha Elena kimekaa ndani ya utepe huo huo. Naweza kumwambia mwongozaji kwa uhakika kwamba usiku kutanyesha. Kama atalowa au atafunikwa, hapo nabahatisha, na nimekosea mara nyingi. Mpagazi aliyelowa katika kimo kile yuko hatarini kuliko aliyeangukiwa na theluji kavu, kwa hiyo kosa hilo linaninyima usingizi.

Kuna na jambo la punje. Mara nyingi naambiwa "imeshuka theluji", nikiomba picha ya karibu naona vipunje vyeupe laini, kama vile vya povu wanalofungia televisheni. Hiyo ni theluji iliyogongana na matone ya wingu yakaigandia hadi mikono sita ikapotea. Si jiwe, ukiibana kwa vidole inasagika. Si chembe safi pia. Aliyenifundisha kazi angetaka niiandike peke yake. Katika daftari langu naiandika theluji, kwa sababu inalala juu ya barafu na kuifunika sawasawa na ile nyingine, na kufunika ndiko ninakokujali.

Theluji mpya inarudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga wa jua. Barafu kuukuu yenye vumbi inarudisha nusu ya hiyo au pungufu. Barafu ya Rwenzori ilipimwa kuwa kilomita za mraba 2 hivi mwaka 1987, na chini ya 1 mwaka 2003, na imeendelea kupungua. Kila usiku wa theluji ni blanketi la siku chache juu ya kile kilichobaki. Mtu anapoita kila kitu cheupe theluji, ananifichia usiku ambao blanketi limeshuka kweli.

Na Jumanne lilishuka. Mlipokuwa mnatumiana shamba la viazi, mawingu ya Ituri yalikuwa yameungana tangu saa kumi alasiri. Saa mbili usiku yakavuka mto Semliki, upande wa magharibi wa mlima. Saa nne mwongozaji aliyekuwa Elena na wageni wawili alipanda hadi penye mwamba unaoshika mtandao akaniandikia, "Punje." Saa sita akaandika tena, "Sasa ni manyoya." Nikamjibu asitoke na wageni alfajiri, kwa sababu nyufa za barafu zitakuwa zimefichwa. Akasema ameshawaambia.

Jumatano nilitoka mjini kabla ya saa kumi na mbili na nusu kwa barabara ya Katunguru, mahali ambapo mlima unajionyesha. Ulifunguka kwa dakika kama kumi na tano. Barafu haikuwa ya kijivu tena, na chini yake miamba iliyokuwa myeusi wiki nzima ilikuwa myeupe. Yule kijana wa boda alikuwa anarudi kupeleka abiria, akasimama.

"Shikamoo mzee. Unaangalia nini?"

"Marahaba mwanangu. Zima pikipiki uje hapa. Ile theluji uliyoniuliza, ile pale."

Akatazama muda mrefu, akatoa simu akapiga picha. Picha hiyo ninayo. Mlima ni mdogo, nyaya za umeme zimekatiza mbele, na weupe ni utepe mwembamba kama uzi. Ukiikuza utaona unapofika kwenye miamba.