Kruza ya BMX ni baiskeli gani, na uimara wake unapimwaje

Kruza ya BMX ni baiskeli iliyobaki na umbo la BMX, yaani fremu fupi, usukani ulioinuka na gia moja tu, lakini ikawekewa magurudumu makubwa kuliko yale ya inchi 20 yaliyozoeleka. BMX zilianzia kusini mwa California, nchini Marekani, kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, watoto walipokuwa wakiiga mashindano ya pikipiki katika njia za vumbi. Gurudumu la inchi 20 liliwafaa, na ndilo lililotumika hata mchezo huo ulipoingia katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Katika mashindano, kruza ni ya inchi 24. Madukani jina hilo hupewa pia baiskeli za inchi 26 na 29, zinazomlenga mtu mzima anayetaka kuzunguka mtaani bila magoti kumfika kifuani.

Kwa mkazi wa Mwanza ukubwa huo wa gurudumu una maana ya moja kwa moja, kwa sababu gurudumu kubwa hupanda ukingo wa shimo au jiwe kwa mwinuko mdogo zaidi, na hivyo halisimami ghafla kama lile dogo. Anayeshuka kutoka Isamilo kwa barabara ya mawe, au anayepita vichochoro vya Mabatini ambako mvua huacha mitaro katikati ya njia, atauhisi utofauti huo mikononi. Mimi ningechagua inchi 26 na tairi lenye upana wa inchi 2 au zaidi kidogo, lakini si kwa sababu ya starehe peke yake: tairi za ukubwa huo hutumika pia katika baiskeli za milimani, kwa hiyo ni rahisi kuzipata kuliko za inchi 24. Hata hivyo, mnunuzi asome namba ndogo zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani huandikwa 559, yaani kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa, ilhali baiskeli nyingi za mtumba zenye kikapu, ambazo nazo huitwa za inchi 26, hubeba tairi jembamba la 590, na hilo haliingii kabisa kwenye ringi ya 559.

Uimara wa kruza wengi huupima kwa kuinyanyua, wakiamini kwamba iliyo nzito ndiyo ngumu. Mara nyingi mambo ni kinyume chake. Fremu za bei nafuu hutengenezwa kwa chuma cha kawaida ambacho hulazimika kuwa kinene ili kivumilie, na fremu bora hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdeni, ambacho huwa na kibandiko cha 4130 na huweza kuwa chembamba bila kupoteza nguvu. Kwa matembezi ya mtaani, ya kwanza inatosha iwapo viungo vyake vimechomelewa vizuri pande zote, na inayo faida kwamba ikipasuka fundi wa kuchomelea wa Igoma au Kirumba anaweza kuirudisha kazini, jambo ambalo kwa fremu ya alumini ni gumu zaidi. Kuhusu kutu, ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo chuma hakiliwi haraka kama kinavyoliwa na chumvi ya bahari kule Tanga.

Kinachoharibika mapema si fremu bali magurudumu na mhimili wa pedeli. Ringi yenye kuta mbili hustahimili mashimo kuliko ya ukuta mmoja, na gurudumu la nyuma lenye spoki 36 ni afadhali kwa mtu mzito. Kuna mikono ya pedeli iliyofinyangwa kama kipande kimoja cha chuma, na kuna ile ya vipande vitatu. Hii ya pili ni imara zaidi kwa anayeruka vizingiti, lakini kwa asiyeruka ile ya kwanza haina aibu yoyote, kwa kuwa golori zake hubadilishwa na fundi yeyote kwa gharama ndogo. Shika mkono wa pedeli, uusukume kushoto na kulia. Ukicheza, beringi zimelika au hazijakazwa.

Gia moja ndiyo inayoifanya kruza isisumbue, na ndiyo pia inayomtesa mpanda kilima. Kruza ya inchi 26 yenye meno 36 mbele na 16 nyuma husogea takribani mita 4.7 kwa kila mzunguko wa pedeli, mwendo unaofaa katika barabara tambarare kama ile ya kuelekea Airport lakini mzito kwa kilima cha Bugando. Ukibadilisha friwili, yaani gia ya nyuma, ukaweka ya meno 20, mzunguko huohuo hukupeleka takribani mita 3.7, na mguu hupumua.

Halafu kuna kushuka. Kruza nyingi huuzwa zikiwa na breki ya nyuma tu, nyingine ikiwa ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, na hapa sina suluhu na muuzaji: katika mji wa vilima breki ya mbele ni ya lazima, kwa sababu baiskeli inapofunga breki uzito huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki likiteleza juu ya kokoto. Kabla ya kulipa, angalia kama uma wa mbele una vishikizo viwili vya kufungia breki. Usipokuwa navyo, huenda ukalazimika kubadilisha uma mzima, na gharama hiyo iingizwe kwenye mapatano ya bei.