Hivi mashine inaionaje sumu ambayo jicho halioni?

Juzi nilikuwa gengeni Tandika nachagua nyanya, zimejaa madoa meupe, nikamuuliza mama mbona hizi zina dawa, akanijibu "dawa tu hiyo mwanangu, ukiosha inatoka". Nikaosha na kweli yakatoka, ila kuna dawa nyingine zinaingia mpaka ndani ya nyama ya nyanya, hizo huzioni hata ukisugua, sasa nani anaziona?

Maabara wanaziona, na kiwango chenyewe ni kidogo mpaka unashangaa. Kule Ulaya dawa ambayo haijawekewa ukomo wake maalumu haitakiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani kwenye kilo 100 za nyanya ni miligramu 1 tu, we chukua chembe kama 15 za chumvi ya mezani uzitawanye kwenye matenga yote hayo halafu umwambie mtu azitafute!

Wanasaga nyanya, wanaitoa dawa kwa kimiminika maalumu, wanaidunga kwenye mashine yenye joto inakuwa mvuke, mvuke unapita kwenye kamrija kembamba ka mita kama 30 kamezungushwa kama koili, na kila kemikali inatokea kwa muda wake. Mwisho wa mrija ndo kuna utamu wenyewe. Pale kuna kipande cha nikeli yenye mionzi, kinafanya elektroni zitiririke bila kukatika, huo ni mkondo wa umeme mdogo uliotulia. Sasa ikipita dawa yenye klorini inazidaka zile elektroni na mkondo unashuka. Ni kama umekaa Kivukoni unahesabu abiria wanaoshuka mwendokasi asubuhi, siku bodaboda wakiwabeba huko Kimara we huwaoni hao bodaboda, ila hesabu yako imepungua, umeshajua.

Kwa hiyo mashine haiitafuti sumu, inasikiliza utulivu ukivunjika. Ndo maana gesi inayousukuma ule mvuke mrijani lazima iwe safi kabisa, hewa ya kawaida ikipenya tu, oksijeni nayo inadaka elektroni na kipimo kinavurugika.

Aliyekibuni hicho kifaa cha mwisho wa mrija ni Mwingereza James Lovelock, 1957. Mwaka 1971 akapanda nacho meli kuelekea Antaktika, akaikuta gesi ya kwenye mafriji na makopo ya sprei imeenea hewani hadi katikati ya bahari, na ni gesi za jamii hiyohiyo ambazo dunia ilikuja kukubaliana kuzipunguza 1987 kule Montreal kwa sababu zinakula tabaka la ozoni.

Dawa zisizo na klorini wala kemikali ndugu zake, kifaa hicho kinaweza kuzipita bila habari, hizo wanatumia mashine nyingine inayozivunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake.