“Wanazungushwa Dunia Bure”: Ninayochoka Kuyasikia Wahudumu wa Ndege Wakigoma

Jumatatu nimepigiwa tena simu ile ile. Sauti ilikuwa ngeni, lakini maneno nayajua kwa moyo: “Hawa wahudumu wa ndege nao wamezidi. Wanazungushwa dunia bure, wanalazwa hotelini, halafu wanagoma siku ya safari yangu.” Kazi yangu ni kuwasaidia abiria kudai haki zao ndege inapofutwa, kwa hiyo mimi ni mtu wa huyo anayepiga simu, na hasira yake naielewa. Ila kabla ya kazi hii nilivaa sare ya uhudumu wa ndege kwa miaka tisa, na kila nikisikia lile neno “bure” huwa naweka kalamu chini na kuvuta pumzi. Leo nimeamua kuandika, ili nikipigiwa tena niwe na kitu cha kumtumia mtu.

“Wanalipwa vizuri kwa kukaa hewani”

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloniudhi kuliko yote, na nitakaa nalo.

Abiria anayekaribishwa mlangoni kwa tabasamu huamini kwamba saa ya mshahara ya yule mhudumu inakimbia. Katika mashirika mengi, hasa ya Marekani na Kanada, kwa miaka mingi haikuwa ikikimbia hata kidogo, na kwa baadhi yake mpaka leo haikimbii. Malipo ya saa huanza milango imefungwa na ndege imeachia breki. Hukoma ndege ikifika langoni upande wa pili. Kinachotangulia na kinachofuata ni kazi, lakini si saa.

Chukua safari ya dakika 70. Mhudumu anaripoti saa 11 alfajiri. Kuna kikao kifupi na rubani: hali ya hewa, abiria wa kiti cha magurudumu, mtoto anayesafiri peke yake. Anaingia ndegeni na kukagua kituo chake kitu kwa kitu. Mshale wa kipimo cha kizima moto uko kwenye kijani? Mtungi wa oksijeni umejaa? Kofia ya kuzuia moshi, pakiti yake haijachanika? Megafoni, kile kipaza sauti cha mkononi, inatoa sauti? Tochi? Anafungua vyoo, anapapasa nyuma ya makabati akitafuta kitu chochote kisichopaswa kuwepo. Ndipo abiria wanaingia, na hapo ndipo kazi huwa ngumu kuliko wakati mwingine wowote: masanduku yasiyoenea, watu wawili wenye namba ile ile ya kiti, bwana ambaye amekuja amelewa tayari, bibi ambaye dawa zake zimo kwenye begi lililopelekwa chini. Huku akihangaika na hayo, macho yake yanachagua. Yule pale mlango wa dharura ataweza kuufungua? Yule mwenye bandeji mkononi ahamishwe. Mgongo wangu mimi niliuharibu katika dakika hizo, nikipandisha sanduku la mtu aliyekuwa amesimama kando ananitazama huku anatafuna.

Halafu ukungu unashuka. Ndege inakaa langoni saa mbili, milango wazi, watu wamekasirika, na wa kukasirikiwa ni mmoja tu. Kwa mfumo huo, katika saa hizo mbili hajaingiza malipo ya saa hata moja. Wakiondoka, anaanza kulipwa.

Mashirika yana jibu lao, na si la kipuuzi: yanasema kiwango cha saa kimepangwa juu kwa sababu kinabeba na kazi ya chini. Sawa. Basi kiandikwe hivyo, na ucheleweshaji wa saa mbili uwe na bei yake, maana kwa mpango wa sasa ukungu haulipiwi na shirika, unalipiwa na mhudumu. Tena si kila mahali mambo ni hivi. Ulaya wengi wana mshahara wa msingi wa mwezi pamoja na posho za safari. Ugomvi wa huko huwa tofauti: msingi ni mdogo, posho ndizo zinazolisha, na ukiugua ukabaki nyumbani posho nazo zinabaki uwanjani.

Kuna ushahidi kwamba jambo hili linarekebishika. Mwaka 2022 Delta, shirika la ndege la Marekani, ilianza kuwalipa wahudumu wake nusu ya kiwango cha saa wakati abiria wanapanda, na wahudumu wa Delta hata chama cha wafanyakazi hawana. Mwaka 2024 American Airlines ikayaweka malipo hayo ndani ya mkataba na chama. Kisha Agosti 2025 wahudumu zaidi ya 10,000 wa Air Canada wakagoma, dai lao kubwa likiwa hilo hilo la kazi ya chini isiyolipwa. Mgomo ulianza tarehe 16. Kabla siku haijaisha, serikali ilitumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi ya Kanada kuwaamuru warudi kazini na mgogoro upelekwe kwa mwamuzi. Walikataa amri. Tarehe 19 makubaliano yakapatikana, na malipo ya kazi ya chini yalikuwa ndani yake. Baadaye wanachama walipoletewa kipengele cha mishahara, asilimia 99.1 walikikataa. Asilimia kama hiyo haipatikani kwa watu wanaozungushwa dunia bure.

Wiki ile ndiyo nilijifunza kitu kuhusu maoni ya umma. Nilimuuliza mteja mmoja, aliyekwama siku tatu, kama anaunga mkono mgomo. Akanijibu kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Dakika kumi baadaye, katikati ya kujaza fomu, nikamuuliza kama mtu akifanya kazi saa tano alipwe saa ngapi. “Tano, ni swali gani hilo?” Nikamweleza saa ya breki. Akanyamaza, kisha akasema, “Hilo mbona hawakusema?” Walisema. Lilikuwa kwenye mabango yao.

Lakini nakiri kuna migomo isiyo na bahati ya kuelezeka kwa sentensi moja. Mgogoro wa British Airways uliozaa migomo ya 2010 ulichochewa na kupunguzwa kwa wahudumu katika safari ndefu za kutoka uwanja wa Heathrow, London, kwenye ndege kubwa kutoka 15 hadi 14. Mtu aliyelala sakafuni uwanjani ukimwambia kwamba anateseka kwa ajili ya mhudumu mmoja, anakutazama kama mwehu. Ili aelewe, umweleze nani anabaki na mlango upi, nani anapumzika saa ngapi, nani anaachwa peke yake na abiria mgonjwa usiku wa manane. Hana muda huo. Kwa hiyo mara nyingi huruma ya watu haionyeshi nani mwenye haki. Inaonyesha nani mwenye dai fupi.

“Kazi ni kumimina chai, wachukuliwe wengine”

Chai ni kitu cha kufanya wakati hakuna kinachowaka.

Sheria za usafiri wa anga kwa kawaida zinataka angalau mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Na kabla aina ya ndege haijaruhusiwa kubeba watu, mtengenezaji lazima athibitishe kwamba ikijaa inaweza kutolewa watu wote nje ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa haitumiki. Wahudumu ni sehemu ya hesabu hiyo, sawa na milango yenyewe. Ndiyo maana mhudumu mmoja akikosekana, ndege iliyo tayari kabisa inaweza kukatazwa kuondoka.

Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines aina ya A350 iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye njia ya kurukia na kutua, ikawaka. Ndani walikuwa watu 379. Mfumo wa matangazo ulikufa, wahudumu wakatumia megafoni na koo zao. Milango iko minane. Walichungulia moto nje na kuamua mitatu tu ndiyo salama, wakawatoa watu kwa hiyo mitatu. Wote 379 walitoka hai. Katika ndege ile ndogo, watano kati ya sita walikufa. Huwa nawakumbusha wateja kwamba hiyo megafoni ndiyo ile inayokaguliwa alfajiri.

Kuchukua “wengine” maana yake ni kuwafundisha aina ile ile ya ndege, milango yake, moto, maji, huduma ya kwanza, kisha kuwapa mtihani. British Airways ilifanya hivyo 2010 kwa wafanyakazi wake wa idara nyingine waliojitolea, na bado ikalazimika kukodi ndege zenye wahudumu wake kamili.

“Wamegoma ghafla”

Hapana. Karibu kila mahali mgomo halali hupita kwenye mazungumzo, usuluhishi, kura, na notisi. Kanada notisi ni saa 72. Marekani, bodi ya usuluhishi lazima kwanza iwaruhusu kutoka kwenye mazungumzo, kisha wasubiri siku 30, na kabla ya hapo wanaweza kuwekwa mezani miaka. Uingereza, Desemba 2009, wahudumu wa British Airways walipiga kura na asilimia 92.5 wakakubali kugoma siku 12 za Krismasi. Mahakama Kuu ikauzuia mgomo kwa sababu karatasi za kura zilikuwa zimetumwa hata kwa watu waliokuwa wanaiacha kazi. Wakarudia kura yote, wakagoma Machi 2010. Miezi mitatu hiyo si ghafla.

“Mgomo ni kama radi, hakuna fidia”

Hili linawagharimu watu fedha, na baadhi ya mashirika hayana haraka ya kulisahihisha.

Chini ya kanuni ya Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, ndege ikifutwa bila kuambiwa siku 14 kabla, fidia ni euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, isipokuwa shirika lithibitishe kuna tukio lisilo la kawaida. Kwa miaka mashirika yalisema mgomo ni tukio hilo. Machi 2021 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi dhidi ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliamua kwamba mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe, ulioitishwa na chama chao kudai mishahara na hali bora, ni sehemu ya kawaida ya kuendesha shirika. Fidia inadaiwa. Mgomo wa waongoza ndege, wale wanaozielekeza kutoka ardhini, ni habari nyingine, hao si wafanyakazi wa shirika. Na Kanada ni kinyume kabisa: kanuni zao zinauhesabu mgomo wa ndani ya shirika kuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo hakuna fidia, ila lazima likutafutie safari nyingine au likurudishie nauli.

Sasa sikiliza, na hili nalisema kila siku mpaka watoto wangu wanalijua: usifute tiketi mwenyewe. Shirika likitangaza mgomo litakutumia ujumbe wenye kitufe kizuri cha “badilisha au futa safari yako”. Usiguse kwa hofu. Ukifuta wewe, umejiondoa kwa hiari, na dai la fidia linakufa hapo hapo. Subiri wao wafute. Piga picha ya ujumbe wao. Weka risiti za chakula na hoteli. Pia mgomo uliotangazwa si lazima ukuguse: mwaka 1993 wahudumu wa Alaska Airlines waliendesha mgomo wa kuchagua, wakasimamisha safari saba tu, na kutojua ni zipi ndiko kulikolitesa shirika.

“Umeisha leo, kesho mambo sawa”

Ndege haziko zinapotakiwa kuwa. Wahudumu nao hawapo, na sheria ya mapumziko haijali kwamba mgomo umeisha. Air Canada baada ya siku tatu na kitu za mgomo ilisema itahitaji siku 7 hadi 10 kurudi kawaida. Ukiwa na harusi ya Jumamosi na mgomo umeisha Alhamisi, tafuta njia nyingine.

Yule wa Jumatatu nilimsikiliza mpaka akamaliza kuwatukana. Nikamuuliza alikuwa anaruka kutoka wapi kwenda wapi, nikapima umbali, nikamwambia ana euro 400 zake, tena za haki, kwa sababu waliogoma ni wafanyakazi wa shirika lenyewe. Sauti ikabadilika. Akauliza anitumie nini. Nikamwambia: ule ujumbe wao wa kufuta safari.

Kimya.

“Mimi ndiye niliyebonyeza,” akasema.