Mzee figo zimejaa maji: maswali mnayoniuliza

Swali: Mzee wetu ana miaka 74, tuko huku Arua, Uganda, skani imesema figo zote mbili zimevimba zimejaa maji. Ni maji gani?

Jibu: Ni mkojo wake mwenyewe umekosa njia. Kwa wazee wanaume mara nyingi tezi dume imekua ikabana, kibofu kinajaa mpaka mkojo unarudi nyuma kwa figo. Kwa mama zetu waulizie pia kansa ya mlango wa kizazi, inabana ile mirija ya kutoka kwa figo. Mawe nayo yapo.

Swali: Mbona anakojoa, tena kila usiku analowanisha godoro?

Jibu: Hapo ndo tunakosea wengi. Kibofu kikijaa pomoni kinamwagika chenyewe, kama jerikeni uliyoisahau chini ya bomba. Baba yangu mdogo tulimtandikia nailoni chini ya shuka miezi mingi tukisema ni uzee tu, na yeye haumwi popote, siku walipomtia mpira wa mkojo zikatoka lita mbili na zaidi, na lile tumbo chini ya kitovu tulilodhani kitambi likalala palepale tukiangalia. Mpaka leo inaniuma.

Swali: Si wampe tu dawa ya figo?

Jibu: Mkojo utoke kwanza jamani! Wanaweka katheta, yaani ule mpira wa mkojo, ikigoma kupita wanatoboa kidogo chini ya kitovu waupitishe hapo mpaka kwa kibofu. Ila kama kizuizi kiko juu kwa mrija katheta haisaidii, hapo ni stenti (kijibomba chembamba) ndani ya mrija ama bomba la kupitia mgongoni mpaka kwa figo, mjiandae kupewa rufaa ya hospitali kubwa kama Mulago kule Kampala. Na msikimbilie kurudi nyumbani siku hiyohiyo, figo zikifunguka zinaweza kumwaga zaidi ya mililita 200 kila saa, mzee anaishiwa maji na chumvi, presha inashuka, kwa hiyo mkojo upimwe kwenye kile kifuko na damu ipimwe kreatinini (uchafu unaoonyesha figo zinafanyaje kazi) na potasiamu (moja ya chumvi za mwili). Kutibu tezi dume kunafuata baadaye, kwa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo (asimame polepole, inaleta kizunguzungu) ama operesheni, na kama figo zilishavimba mpira usitolewe mpaka daktari aseme.

Swali: Maumivu tumpe diklofenaki?

Jibu: Hapana, hiyo na ibuprofeni zinaumiza figo, paracetamol inatosha. Akianza kutetemeka na homa huku mkojo umeziba msingoje asubuhi, tafuteni gari usiku huohuo.