Je, wajua? Majimbo yenye watu sawa kwa sawa bado yanaweza kukatwa kwa upendeleo

Kila ikifika zamu ya kupitia mipaka ya majimbo hapa Zanzibar, barazani hoja inayotawala ni moja tu: wahesabu watu, wagawe sawa kwa sawa, kesi ishakwisha. Wanaosema hivi wapo katika vyama vyote, na wanasema kwa nia safi kabisa, maana hoja yenyewe inaingia akilini haraka. Ila haitoshi. Usawa wa idadi ni nusu ya habari, tena ile nusu nyepesi. Unaweza ukayapima majimbo yakalingana mpaka mtu wa mwisho, na bado aliyeshika kalamu akawa keshajua nani atashinda kabla hata kampeni haijaanza.

Kuna na mambo mengine mawili yanayochanganywa, tuyaondoe mapema. La kwanza, wengi wanadhani kinachogawanywa ni wapiga kura. Sivyo, ni wakaazi, watoto wa skuli wamo na wazee wasioweza kutoka nyumbani wamo, na ndo maana sensa ikitoka tu mjadala wa mipaka unaanza upya. La pili, watu wanaamini mipaka ya majimbo inaweza kumpa mtu urais wa Zanzibar. Kura za urais zinajumlishwa nchi nzima, shehia yako, yaani eneo dogo la utawala unaloishi, ikihamishiwa jimbo lolote hesabu ya Rais haiguswi. Kinachoguswa ni Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar wenyewe, na hapo athari yake inakwenda mbali kuliko watu wanavyofikiri, nitalirudia mwishoni.

Anayechora ni Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Katiba ya 1984 inataka majimbo yasipungue 40 na yasizidi 55, na yawe na idadi ya watu inayokaribiana, ila inaiachia Tume nafasi ya kutazama pia jiografia na njia za mawasiliano. Nafasi hiyo ndo inayozua maneno, ingawa mtu wa kisiwa kama Kojani au Tumbatu, ambaye safari yake yoyote inaanza na chombo, hawezi kukuelewa ukimwambia iondolewe.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe. Tuseme kuna shehia 9, kila moja ina wapiga kura 1,000, na wanagombea vyama viwili, tuviite Karafuu na Mwani. Shehia 5 ni za Karafuu na 4 ni za Mwani, na kwa urahisi wa hesabu tuseme shehia nzima hupiga upande mmoja. Karafuu ana kura 5,000, Mwani ana 4,000. Tunatakiwa tutoe majimbo matatu, kila jimbo shehia tatu, wapiga kura 3,000 kila jimbo, usawa hauna kasoro.

Mchoraji wa kwanza anazichanganya hivi: majimbo mawili ayape shehia mbili za Karafuu na moja ya Mwani, la tatu alipe mbili za Mwani na moja ya Karafuu. Karafuu anapata viti 2, Mwani 1. Mwenye kura nyingi kapata viti vingi, hakuna wa kulalamika. Mchoraji wa pili anachukua shehia tatu za Karafuu anazirundika jimbo moja, halafu mbili zilizobaki anazitenganisha, kila moja anaifunga pamoja na shehia mbili za Mwani. Karafuu anashinda jimbo lake kwa kura 3,000 kwa sifuri, ushindi wa kishindo, ngoma mpaka asubuhi, lakini Mwani anachukua majimbo mawili yote yaliyobaki. Viti 2 kwa 1, na safari hii mwenye kura chache ndo mwenye Baraza. Hakuna kura iliyoibiwa wala jina lililofutwa kwenye daftari, na ukipeleka mizani utakuta watu 3,000 kila jimbo.

Siri iko kwenye kura zinazopotea. Jimbo la watu 3,000 unalishinda kwa kura 1,501. Karafuu aliporundikiwa 3,000 karibu nusu yake hazikumsaidia kitu, na zile 1,000 alizokuwa nazo katika kila jimbo aliloshindwa nazo hazikumletea kiti. Kwa hiyo mbinu ni mbili tu, kuwarundika wafuasi wa mtu pahala pamoja, au kuwatawanya wawe wachache kila pahala. Ni kama masinia matatu ya biriani: wali unaweza kupimwa kwa mizani ukalingana kila sinia, lakini suala la nyama imewekwa wapi mizani haikwambii.

Na hili Zanzibar limewahi kutokea kweli. Uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata zaidi kidogo ya asilimia 54 ya kura zote. Viti vilikuwa 31, ASP ikapata 13. Vyama vya ZNP na ZPPP vikapata 12 na 6, wakaungana, wakawa na 18, wakaunda serikali. Wenye zaidi ya nusu ya kura wakakaa upinzani. ASP ilikuwa ikishinda kwa wingi mkubwa mno katika ngome zake, na wenzao wakishinda kwa tofauti ndogo zaidi katika majimbo mengi zaidi, ni yaleyale ya karafuu na mwani. Ukitaka kujua mambo yalivyokuwa yakibanana zama zile, Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja.

Hapa lakini inabidi mtu awe mwangalifu. Matokeo ya namna hii peke yake hayathibitishi kwamba mchoraji alikusudia. Watu wa mawazo mamoja mara nyingi huishi pamoja, wanafuata jamaa, wanafuata kazi, wanafuata ardhi, kwa hiyo hata ukimpa kalamu mtu asiyejua siasa kabisa anaweza kukuletea ramani inayomwumiza mmoja. Pemba ni mfano mzuri: 1995 chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo yote 21 ya kisiwa, na 2010 ikachukua yote 18. Chama kikikusanyika kisiwa kimoja namna hiyo, mrundikano umefanywa na bahari na historia.

Tena angalia, kutoka 21 mpaka 18. Mapitio ya kabla ya uchaguzi wa 2005 yaliondoa majimbo matatu Pemba na kuyapeleka Unguja, jumla ikabaki 50. Kwa wengi kule Pemba hii ilikuwa dhulma ya wazi, ngome ya upinzani inapunguzwa viti. Ukichukua sensa ya 2002 peke yake, Pemba ilikuwa na kama asilimia 37 ya watu wa Zanzibar, na 18 katika 50 ni asilimia 36, kwa hiyo hesabu haikuwa mbaya. Lakini mtu haulizi hesabu tu, anauliza pia nani kapunguzwa na nani kaongezwa, na ana haki ya kuuliza. 2015 yakaongezwa majimbo manne, yote Unguja, yakawa 54, wakati kwenye Bunge la Muungano Zanzibar ilibaki na majimbo 50, na uchaguzi wa 2020 tukarudi kwenye 50.

Leo mambo yamegeuka. Sensa ya 2022 imehesabu watu 1,889,773, Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441. Ukigawa kwa majimbo 32 ya Unguja na 18 ya Pemba, jimbo la Unguja lina wastani wa watu 42,000 na la Pemba 30,000. Kwa idadi tupu Pemba ingestahili majimbo 14 na kitu. Wakati huohuo Mkoa wa Mjini Magharibi umetoka watu 593,678 mwaka 2012 ukafika 893,169, yaani karibu watu 300,000 wamezidi ndani ya miaka kumi, na mtu wa Fuoni au Mwanakwerekwe anaekwambia mwakilishi wake kazidiwa na watu, maji hayatoshi, barabara za ndani hazipitiki, hakudanganyi. Mpemba nae anakwambia kisiwa kizima si mtaa, kina bandari zake, kina hospitali zake, kina shida zake, na kikipungua sauti Barazani hakuna wa kukisemea. Mie nayaona yote mawili ni madai ya haki, na hakuna mashine ya hesabu itakayochagua baina yake, hilo linataka wakaazi wasikilizwe shehia kwa shehia, ramani ikiwa mezani kabla ya kuamuliwa.

Nilisema athari inakwenda mbali. Kwenye Baraza, viti maalum vya wanawake ni asilimia 40 ya idadi ya majimbo, na vinagawiwa kwa uwiano wa viti vya majimbo ambavyo chama kimeshinda. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2010, na mawaziri wa Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ile ya vyama kutawala pamoja, pia hugawiwa kwa kufuata viti vya majimbo. Kwa hiyo mstari ukimnyima mtu jimbo, unamnyima na sehemu ya kiti maalum na sehemu ya wizara.

Wapo wanaosema tuige Afrika Kusini, wabunge wapatikane kwa kura za chama na mipaka isiwe na maana, lakini watu wetu wanapenda wamjue mwakilishi wao, wajue na nyumba yake ilipo. Lesotho wamechanganya, viti 80 vya majimbo na 40 vya kufidia chama kilichopata kura nyingi na viti vichache. Sisi hatuhitaji hata kwenda huko. Viti maalum vya Bunge la Muungano tayari vinafuata kura ambazo chama kimepata, si majimbo. Mpiga kura yuleyule wa Wete au Kikwajuni, siku moja, kura yake ya ubunge inahesabika kwenye viti maalum hata mgombea wake akishindwa, na kura yake ya uwakilishi haihesabiki. Viti 20 vya Baraza vikigawiwa kwa njia hiyo ya Bunge, nguvu ya mchoraji wa mipaka itapungua, na hakuna jimbo hata moja litakalohitaji kuhamishwa.